Usukani Unaopiga Ukifika Tisini

Leo nina maneno na wenye pikapu, hasa wenye zile Land Cruiser na Land Rover ngumu: za shamba, za mradi, za mgodini, za kubebea mbuzi wa mnadani. Wenye magari madogo msizime redio, mna sehemu yenu hapa mwanzoni.

"Fundi, gari yangu ikifika tisini inapiga stelingi."

"Hiyo balansi tu, bosi. Pita kwa watu wa tairi hapo nje."

Mazungumzo haya yanafanyika kila siku kwenye gereji zetu, na mara nyingi fundi anakuwa sahihi. Shida iko kwenye zile mara chache anapokosea. Kuna mitetemo miwili tofauti inayoletwa gereji kwa sentensi hiyo hiyo moja. Mmoja ni kero. Mwingine unaweza kukuzika.

Tuanze na kero. Mtetemo wa balansi unakuja taratibu. Unaanza kwenye 80 hivi, unakolea ukifika 90 au 100, na ukiongeza mwendo kidogo unaweza hata kupungua. Usukani unakutekenya viganja, kioo cha ndani kinatetemeka, lakini abiria aliyelala haamki. Chanzo ni uzito kuzidi upande mmoja wa gurudumu. Chukua tairi ya saba hamsini kumi na sita, ile ya Land Cruiser pikapu. Ikizunguka mara moja inakwenda karibu mita mbili na nusu. Ukiwa kwenye 90 unakata mita 25 kila sekunde, maana yake gurudumu linazunguka mara kumi kwa sekunde moja. Sasa ongeza gramu 50 kwenye ukingo wa rimu. Kwa mwendo huo, gramu hizo zinalivuta gurudumu kwa nguvu ya karibu kilo nne, na zinafanya hivyo mara kumi kila sekunde. Punguza hadi 45, nguvu inabaki ya kilo moja tu. Ndiyo maana ndani ya mji husikii kitu.

Na gramu 50 si nyingi. Ukipita kwenye tope la masika, likaingia nyuma ya rimu na kukaukia upande mmoja, umeshabeba zaidi ya hizo. Kuna watu wanalipia balansi ya magurudumu yote manne, wakati dawa ilikuwa ndoo ya maji na bisibisi ya kukwangulia. Kama si tope, basi kipande cha risasi kimedondoka, au rimu imepinda, au ni tairi lililokaa sana. Tazama ubavuni mwa tairi, kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: ukikuta 3514, lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2014. Hata kama kashata zake bado ni nzima, hilo ni la kupumzishwa.

Basi, ya balansi yameisha. Yanakera, yanakula tairi na beringi, lakini nyumbani unafika.

Sasa huu wa pili. Unatoka Segera unashuka Chalinze, lami imenyooka, mwendo 90, gari limetulia kabisa. Gurudumu la mbele kushoto linapita kwenye kiungo cha daraja, au kwenye rasta, au kwenye kiraka kilichozama kidogo. Hapo hapo usukani unaanza kupigwa kushoto na kulia, kushoto na kulia, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, kwa nguvu ambayo mikono haiizuii. Boneti inaruka, vilivyo kwenye dashibodi vinamwagika, abiria wa nyuma wanashika mabomba. Dereva asiyewahi kukutana nao anaamini gurudumu limechomoka. Na hauishi wenyewe. Ukiendelea na mwendo, nao unaendelea, mpaka gari lishuke hadi 50, pengine chini ya hapo. Likishafika huko linatulia kana kwamba halikufanya kitu. Unalipeleka kwa fundi, analizungusha mtaani kwa mwendo wa 40, anarudi anakwambia: "Bosi, gari yako nzima hii."

Ili kuelewa kwa nini linafanya hivyo, tazama toroli la supamaketi. Gurudumu lake la mbele limetegwa ili pale linapogusa sakafu pawe nyuma kidogo ya mhimili unaoligeuza, na kwa sababu hiyo linafuata unakosukuma. Lakini lisukume kwa kasi kwenye marumaru uone linavyoanza kupepesuka lenyewe kushoto kulia. Gurudumu la mbele la gari limetegwa kwa kanuni hiyo hiyo. Likisukumwa kando na kishimo, barabara inalivuta lirudi katikati. Linarudi kwa nguvu, linapitiliza upande wa pili, linavutwa tena. Viungo vikiwa vimekaza, msuguano unaua mchezo huo mara ya kwanza au ya pili. Vikiwa vimelegea, gurudumu lina nafasi ya kukimbia kabla halijashikwa, na kila likirudi linarudi na nguvu zaidi. Nguvu hiyo inatoka kwenye mwendo wa gari lenyewe. Hata ukizima injini, ilimradi gari bado linakwenda mbio, mchezo unaendelea.

Kwenye pikapu ninazozisema kuna jambo la ziada. Magurudumu yake mawili ya mbele yamefungwa kwenye ekseli moja ngumu, kutoka huku hadi kule. La kushoto likinyanyuka, la kulia nalo linainama. Na gurudumu linalozunguka kwa kasi lina ukaidi wake. Nenda kwa fundi baiskeli, shika gurudumu kwa ncha mbili za ekseli yake, mwambie alizungushe kwa nguvu, kisha ujaribu kuliinamisha. Litakugeuka mikononi lielekee kando. Ndicho kinachotokea chini ya gari: ekseli ikiinama, magurudumu yanataka kugeuka, yakigeuka, yanaiinamisha ekseli upande wa pili, na tairodi imeyaunganisha, kwa hiyo yanakwenda pamoja. Viwili vinachocheana. Huo ndio usukani unaokupokonya mikono.

Wazungu walihangaika na jambo hili kabla baba zetu hawajashika usukani. Katika miaka ya 1920 magari yao yalipoanza kuwekwa breki za mbele na matairi mapana yenye upepo mdogo, magurudumu ya mbele yakaanza kupiga kiasi cha kutisha. Mfaransa Georges Broulhiet aliandika juu yake kitaalamu mwaka 1925. Mwingereza mmoja, Maurice Olley, aliyetokea Rolls-Royce na kuhamia Cadillac mwaka 1930, ndiye aliyewashawishi wakubwa wa General Motors waachane na ekseli ya mbele iliyo nzima, na magari yao ya mwaka 1934 yakatoka na kila gurudumu la mbele likijitegemea. Safari ya raha ilikuwa sababu moja. Kupiga kwa usukani kulikuwa nyingine. Kuanzia hapo magari madogo yakauacha ugonjwa huu nyuma, na hata Hilux za siku hizi kila gurudumu la mbele linacheza kivyake.

Pikapu nzito hazikufuata, na zina haki. Ekseli nzima inabeba, inavumilia mawe, na ikiumia porini Kilombero kuna fundi wa kuinyoosha. Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilitoka mwaka 1984, zile nzito zikiwa na majani ya springi mbele. Mwaka 1999 Toyota ikazibadilisha mbele kuwa na springi za duara. Badiliko hilo lina maana kwenye mazungumzo yetu. Springi ya majani inabeba gari na papo hapo inaishikilia ekseli mahali pake. Springi ya duara inabeba tu. Kuishikilia ekseli ni kazi ya mikono miwili inayokwenda nyuma, pamoja na fito moja ya kukingama, inayotoka kwenye chesisi upande huu na kuishika ekseli upande ule. Kwa wenye vitabu inaitwa fito ya Panhard. Defender nayo imefungwa hivyo hivyo. Fito hiyo ina bushi mbili na boliti mbili, na nikiambiwa nichague mshukiwa mmoja tu kabla sijaliona gari, nitachagua hapo.

Tuingie basi chini ya gari. Usipige jeki kwanza; gari likae kwa uzito wake juu ya magurudumu yake, breki ya mkono ikiwa juu na mawe yamewekwa. Washa injini ili usukani uwe mwepesi. Mtu mmoja akae juu, auchezeshe usukani kidogo kushoto na kulia bila kupumzika. Wewe lala chini, na usitegemee macho. Weka vidole juu ya kila kiungo, nusu ya kiganja iwe kwenye chuma hiki na nusu kwenye kile. Anza kwenye boksi la usukani: je, boliti zake kwenye chesisi zimekaza? Fuata mkono unaoshuka kutoka kwenye boksi, kisha ule mkono mrefu unaokwenda kwenye gurudumu, kisha kila tairodi endi. Kiungo kizima kinakwenda kwa pamoja. Kilichokufa utakisikia vidoleni: chuma kimoja kinatangulia, cha pili kinafuata baada ya kupumua kidogo, na katikati kuna "tik". Ukifika kwenye fito ya kukingama, shika ncha zote mbili. Bushi inaweza kuonekana nzuri kabisa kwa nje. Tatizo linaweza kuwa tundu la boliti, limelika mpaka limekuwa na umbo la yai, nati imekazwa kwa spana ndefu na bado boliti inatembea mle ndani. Ukikuta hivyo, hata bushi mpya haitasaidia. Tundu lijazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya.

Baada ya hapo ndipo upige jeki. Shika gurudumu juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha rudia. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini. Hapo kwenye Land Cruiser kuna beringi mbili ndogo, juu na chini ya kichwa cha ekseli, na ukazaji wake unawekwa kwa vibati vyembamba kama karatasi. Fundi anayejua kazi yake anaupima kwa mizani ya ndoano, ile ya kuning'inizia: anaifunga kwenye mkono wa kichwa cha ekseli tairodi ikiwa imefunguliwa, anavuta, anasoma ni kilo ngapi zinahitajika ili kianze kugeuka. Kikigeuka kwa kuguswa tu, gari hilo litapiga, leo au mwezi ujao. Kusema kweli, mizani hiyo ni ya bei ndogo kuliko balansi ya magurudumu manne, na gereji zinazoitumia ni za kutafuta kwa tochi.

Badala yake kinachofanyika ni hiki. Mteja analalamika, fundi anachungulia, anaiona shokapu ya usukani, ile iliyolala kwa upana karibu na tairodi. "Hii imekufa, bosi." Inanunuliwa mpya, inafungwa kwa nusu saa, gari linajaribiwa, linakwenda vizuri. Kila mtu anafurahi, na hapo ndipo nagombana na marafiki zangu mafundi. Shokapu ile imewekwa kumeza vishindo vya barabara visifike mikononi. Ikiwa mpya ina nguvu ya kumeza hata mchezo wa viungo vilivyolegea, na kwa kufanya hivyo inauficha. Tundu linaendelea kulika, tairodi endi inaendelea kuchakaa, na shokapu yenyewe inachoka haraka kwa sababu inafanya kazi isiyo yake. Siku ikichoka, mtetemo unarudi ukikuta viungo vibovu kuliko mwanzo. Mimi nasema iwe ya mwisho kubadilishwa. Ikivuja, badilisha, sibishi. Lakini kama kila kiungo kimekaza na matairi ni mazima, Land Cruiser haipaswi kupiga hata ukiifungua shokapu hiyo ukaiweka pembeni.

Wala tusidhani ni umaskini wetu wa spea. Marekani, wenye Ford F-250 na F-350, pikapu za ekseli nzima mbele, walikwenda mahakamani California mwaka 2019 kuhusu jambo hili hili, wakihesabu magari ya kuanzia mwaka 2005 hadi 2019. Mwaka huo huo kampuni iliyokuwa ikitengeneza Jeep ilianza kuwabadilishia wateja wa Wrangler mpya kitu. Kitu gani? Shokapu ya usukani.

Kwetu kuna cha kuongezea moto, nacho ni kunyanyua gari. Vijana wanapenda pikapu iliyosimama juu, na kampuni za utalii zina sababu zao za kweli. Lakini ukiweka springi ndefu mbele kwenye ekseli iliyoshikwa kwa mikono ile miwili, ekseli nzima inazunguka kidogo kuelekea mbele, na ule mtego wa gurudumu niliousema mwanzoni unapungua. Usukani unakuwa mwepesi mno, haurudi wenyewe baada ya kona, na kwenye lami gari linatangatanga. Kuna bushi maalumu zenye tundu lisilo katikati, za kurudisha pembe hiyo. Fundi akikunyanyulia gari sentimita tano bila kuzitaja, muulize. Akikwambia hazina umuhimu, mshukuru kwa wakati wake utafute mwingine. Ongeza juu yake matairi makubwa kuliko ya kiwandani, mazito, yenye upepo mdogo ili yalale mchangani, kisha mwenye gari anasahau kuyajaza anapopanda lami. Umekusanya karibu kila kitu ambacho mtetemo huu unakipenda.

Na ukikutana nao njiani? Usikanyage breki kwa ghafla; ukifanya hivyo unatupa uzito mbele, palepale penye ugomvi. Ondoa mguu kwenye mafuta. Shika usukani kwa mikono miwili uelekee mbele, bila kushindana nao kila unapopiga. Huwezi kuushinda, na ukijaribu unaweza kuuongezea. Vidole gumba vibaki nje, juu ya ukingo, visiingie ndani kwenye mikono ya usukani, maana ukigeuka ghafla unavunja. Washa taa za tahadhari ukipata nafasi. Gusa breki kidogo kidogo gari likianza kushuka mwendo. Ukishatulia, usiendelee na safari kwa 90 nyingine kwa sababu eti imepona. Simama pazuri, kaza nati za magurudumu, chungulia kama kuna kilichoning'inia, kisha nenda mwendo wa 50 mpaka kwenye gereji iliyo karibu.

Trafiki hawezi kukusaidia sana hapa. Stika ya usalama inabandikwa kwenye kioo, tairodi endi iko chini kwenye vumbi, na sijaona askari aliyelala chini ya Land Cruiser kwenye jua la Dumila.

La mwisho ni kwa anayetaka kununua pikapu iliyotumika, maana barua nyingi zinazokuja hapa ni za hao. Mwombe muuzaji muende barabara kuu, sio kuzunguka kwenye mitaa. Lipeleke hadi 80 mahali palipo wazi, pita juu ya rasta au kiungo cha daraja mikono ikiwa imejiandaa, usikilize. Mkirudi, lala chini ulitazame. Kila kitu cha mbele kikiwa na tope la miaka, greisi nyeusi na kutu, lakini katikati yake kuna shokapu ya usukani mpya inayong'aa na karatasi ya dukani bado imebandikwa, muulize ilibadilishwa lini na kwa sababu gani. Kisha mwambie aingie akae kwenye usukani auchezeshe, nawe uweke vidole kwenye ile fito. Akikataa, au akianza ghafla kukupunguzia bei, hapo umeshajibiwa.